Firigisi Iliyoingia Kwenye Supu

Nyinyi mnaopika siku hizi huku simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta, mkimfuata mtu asiyejua hata ukubwa wa sufuria yenu akiwaamrisha mtie krimu na jibini, sogeeni hapa kidogo. Mimi ni Mama Fébronie wa Shituru, hapa Likasi, mji wa machimbo ya shaba. Niliwafundisha kina mama kupika kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu, na katika miaka yote hiyo krimu niliyoiona ni ile ya kupaka usoni.

Mjukuu wangu Nadège ndiye aliyeniletea daftari na kalamu mbili, moja ya akiba. Akaviweka mezani, akavuta kiti.

"Kambo, andika," akaniambia. "Siku utakufa na ile mambo yote mu kichwa, shiye tutakula nini?"

Kambo ni bibi, kwa wasiotoka kwetu, na mtakaposikia njo, ni ndiyo. Nilicheka mpaka miwani ikanidondoka. Nimependwa kwa namna nyingi maishani, lakini hii ya kupendwa kama ghala la unga ni mpya. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Basi ukoko ndio huu, ukwangueni taratibu msinitoboe.

Nitawaambia jinsi ya kulisha watu kumi na wanne kwa kuku mmoja, maana nimefanya hivyo na mashahidi wengine bado wako hai. Lakini siwezi kusimulia habari hiyo bila kuwaambia kwamba kuku huyo huyo nusura aninyime mume. Kilichotaka kunipokonya Déo wangu hakikuwa mwanamke mwingine, wala pombe, wala kabila. Kilikuwa firigisi, kitu kidogo tu, ambacho leo mkinunua kuku wa barafu mnakikuta kwenye kifuko na wengine mnamrushia paka.

Kwanza mjue mikono yangu ilifundishwa wapi, kwa sababu kosa lenyewe lilifanywa na mikono.

Kampani ya shaba ilikuwa na nyumba ya mafunzo kwa wake za wafanyakazi, tuliyoiita foyer. Ilikuwa nyumba ndefu yenye paa la bati, mbabula sita, yaani majiko ya makaa, ubao mweusi, na Mama Adolphine. Ningemtaja Mama Adolphine kwanza, kwa maana nadhani hata paa lilikuwa likimwogopa. Alikuwa mfupi, mpana, mwiko kauchomeka kwenye mkunjo wa kikwembe, yaani kanga, kama askari na rungu lake. Yeye alikuwa mwalimu mkuu. Mimi nilipelekwa kuwa msaidizi wake nikiwa na miaka ishirini na diploma ya masista, nikizijua vitamini zote kwa majina kama watakatifu.

Siku ya kwanza alinipa samaki mmoja wa barafu, yule tunayemwita thomson, na kitunguu kimoja, akasema nilishe watu kumi. Nikachukua kisu, nikamkata samaki vipande kumi sawasawa, kwa ufundi mkubwa, nikavipanga kwenye sahani. Mama Adolphine akainama, akavitazama kwa muda mrefu.

"Hii njo samaki," akaniuliza, "ama njo hostia ya komunyo?"

Kina mama walicheka mpaka mmoja akaenda kushika ukuta. Mama Adolphine hakucheka. Alivimimina vipande vyangu kwenye sufuria, akatoa kichwa na miiba, hivyo viwili akavikaanga peke yake kwa mafuta kidogo mpaka vikawa vinavunjika kwa vidole. Akavitwanga pamoja na kalanga zilizokaangwa, akachekecha, akautia unga ule kwenye sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa. Minofu akaichambua, akaisambaza humo. Watu kumi walikula, na kila mmoja aliapa kwamba kipande kikubwa kilimwangukia yeye.

"Nyama haigawanyiwe na kisu," akaniambia tulipokuwa tunaosha vyombo. "Inagawanyiwa na supu. Ile uiweke mu kichwa. Diploma uiweke mu kabati."

Supu kwetu ni mchuzi wowote wa kulia bukari, na bukari ni ugali, nadhani hilo hamhitaji kufundishwa. Sheria ya Mama Adolphine ilikuwa kwamba kitu kidogo chenye ladha kubwa hapewi mtu mmoja. Kinakatwa chembechembe, kinakaangwa na kitunguu mpaka hakionekani tena, halafu ndipo maji yanaingia. Shingo ya kuku, maini, firigisi, kichwa cha samaki, ngozi ya nguruwe, vyote vilipita njia hiyo. Nilifanya kazi hiyo siku sita kwa wiki. Baada ya mwaka, mikono yangu ilikuwa inakatakata firigisi huku mimi nikiwaza mambo mengine kabisa, kama vile Déo.

Déo alikuwa fundi kwenye karakana ya kiwanda na sauti ya tatu kwenye kwaya yetu ya parokia. Kwao ni Mwadingusha, watu wa samaki. Alikuwa na kofia ya buluu ambayo hakuivua ila kanisani. Nilimpenda kwanza kwa kofia, halafu kwa yaliyo chini yake.

Nisubirini kidogo kwa habari za Déo, nimekumbuka makaa. Makaa ndiyo yanayowamaliza, si nyama. Ukitaka maharagi, yaloweke tangu jioni, yachemshe muda wa saa moja tu, funika vizuri, zungushia sufuria blanketi, iweke ndani ya kikapu kikubwa na usahau. Mpaka saa sita mchana yameiva yenyewe bila moto, na makaa yako bado yako kwenye gunia. Tulifundisha hilo kila mwaka. Mwanafunzi wetu mmoja, Mama Joséphine, hakuwa na kikapu, akatumia kitanda. Akalaza sufuria katikati, akaifunika blanketi mbili, akaenda sokoni. Mumewe akarudi asubuhi ile kutoka zamu ya usiku, pazia limeshushwa, akavua viatu, akaingia chini ya blanketi na kumkumbatia aliyemkuta.

Alikuja foyer akiwa bado na alama za mchuzi kifuani.

"Mama, munamufundisha muke yangu nini?" akamuuliza Mama Adolphine kwa heshima zote. "Leo nililala na maharagi."

"Ilikuwa imeiva?" akauliza Mama Adolphine.

Yule baba akafikiri. "Ilibakia kidogo."

"Basi ungelala tena kidogo."

Na soya, ikaangeni kwanza kabla ya kuitwanga. Hilo siwabembelezi. Mwaka mmoja tulikuwa na haraka, tukaitwanga mbichi, tukaitia kwenye uji wa darasa zima Jumamosi jioni. Jumapili nusu ya darasa ilikuwa kwenye kwaya. Padre alifika mahali pa kunyamaza na kutafakari, na matumbo yetu yakaanza kuimba, sauti zote nne. Déo aligeuka kunitazama kutoka safu ya wanaume, na hapo ndipo nilipojua kwamba ananijali, kwa sababu alianza kukohoa kwa nguvu ili kunifunika.

Siku hizi mnanunua kila kitu kadogo: mafuta kadogo, sukari kadogo, nyanya ya kifuko inayotosha kupaka kucha. Siwalaumu, hata mimi nanunua hivyo. Lakini kumbukeni kwamba chakula cha kadogo kinataka mkono wa polepole. Kitunguu kikaangwe mpaka kiwe rangi ya mkate, si cha kuchungulia mafuta na kutoka. Unga wa mahindi uchanganyeni na wa muhogo, vikombe viwili kwa kimoja, bukari itakaa tumboni mpaka jioni. Mume akiuliza kwa nini leo inateleza, mwambie ni mahindi mapya. Na mbabula msiitupe kwa sababu mna jiko la umeme. Umeme unatoka kwenye bwawa la Mwadingusha hapo jirani, lakini una mambo yake mengi ya kufanya njiani, na bukari ikikatikiwa katikati hairudi tena kuwa bukari.

Sasa kuku.

Kwa watu wa upande wetu, kabla msichana hajaolewa, wakwe wanakuja siku moja kuonyeshwa moto. Ndivyo tunavyosema. Nyumba ya msichana inapika, wageni wanakula, na kwa chakula hicho wanaamua kama watamchukua au watarudi kwao kimya. Moyo wa siku hiyo ni kuku. Anapelekwa kwa mkubwa wa ujumbe akiwa kamili. Amekatwa, sawa, lakini vipande vyote vipo: kichwa, shingo, mabawa, mgongo, miguu na kucha zake, na juu ya vyote firigisi. Mkubwa anafunua sahani na kumjenga kuku upya kwa macho. Kikikosekana kipande, maana yake nyumba hii inakula kabla ya mgeni. Ikikosekana firigisi ni vibaya zaidi, kwa sababu firigisi ni ya mwanamume mkubwa, mwanamke hathubutu kuigusa kwa ulimi. Msichana aliyeiba firigisi jikoni ataila na nyumba ya mumewe. Ujumbe unanawa mikono, unashukuru, na haurudi tena.

Hayo yote niliyajua. Niliyajua tangu nina meno ya utoto. Tafadhali mlikumbuke hilo mtakapoanza kunicheka.

Baba yangu alikuwa amepata kuku wawili. Katika nyumba ya watoto sita, mwisho wa mwezi, na mposho umekwisha, huo ulikuwa muujiza. Mposho ni chakula ambacho kampani iliwagawia wafanyakazi wake, unga, samaki, mafuta, na kila familia ilijua kwa harufu ya jirani ni siku ngapi zimebaki. Basi, asubuhi ya siku yenyewe kuku wa pili alikata kamba. Akapita uani, akavuka barabara, akaelekea reli, na baba akamfuata amevaa suruali ya Jumapili. Kuku akaruka juu ya behewa tupu lililokuwa likisubiri kurudi machimboni. Treni ikaondoka. Baba alibaki amesimama kando ya reli na kipande cha kamba mkononi, akimtazama kuku wetu akienda Kambove, ametulia juu ya ukingo wa behewa kama abiria aliyelipa nauli. Mpaka leo hatujui alishukia wapi.

Tukabaki na kuku mmoja. Wageni walikuwa sita, sisi wa nyumbani wanane. Mama yangu alikaa chini kwenye kigoda cha jikoni.

"Fébro, kuku moja, bantu kumi na bane," akasema. "Leo tutapata haya."

"Mama, muniache na ile kuku," nikamjibu.

Mnaona kiburi. Lakini nilikuwa na haki nacho, maana kulisha watu kumi na wanne kwa kuku mmoja ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya. Nikaifunga kanga kiunoni, nikaanza. Sombe kwa kalanga kwenye mbabula moja, maharagi kwenye nyingine, lengalenga, yaani mchicha, nimeziosha kabla ya kuzikata, si baada. Kichwa, shingo na miguu ya kuku niliikumbuka, nikaiweka kando kwa ajili ya sahani ya mkubwa, pamoja na mapaja, mabawa na mgongo. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe. Mimi nilikuwa naangalia nje, kwa sababu juu ya ua wa jirani niliiona kofia ya buluu. Déo hakuruhusiwa kula wala kukaa mbele ya mama yangu, ndiyo heshima ya mkwe, kwa hiyo alijificha kwa jirani ili asikilize kama atapata mke. Kofia ilikwenda kulia, ikarudi kushoto. Nilikuwa naitazama na kutabasamu, na chini kisu kilikuwa kinasema ka-ka-ka.

Supu ilitoka namna ambayo sijawahi kuirudia. Harufu yake ilipita nyumba tatu. Jirani wawili walikuja kuomba kiberiti, na mmoja wao alikuwa nacho mkononi.

Wageni wakafika saa saba. Mkubwa wao alikuwa Mzee Kalenga, mdogo wa marehemu baba yake Déo, mrefu, koti la kijivu, msemaji wa ukoo mzima. Nyuma yake walikuwa wanaume wawili na shangazi wawili, na wa mwisho mama yake Déo, Mama Kilufya, mwanamke mdogo ambaye, niliambiwa baadaye, hakusema neno lolote tangu Mwadingusha. Wanaume wakaketi mezani barazani, wanawake kwenye mkeka karibu na mlango. Nikapiga magoti, nikawamiminia maji ya kunawa. Kila mtu, mgeni na mwenyeji, akapewa bukari yake na bakuli la supu. Sahani ya kuku, imefunikwa, nikaiweka mbele ya Mzee Kalenga, naye hakuwa na haraka. Alisali, alisifu nyumba, alisifu hali ya hewa. Wenzake walikuwa tayari wanakula.

Halafu akafunua.

Macho yake yakaanza kujenga. Kichwa. Shingo. Bawa, bawa. Mapaja. Mgongo. Miguu na kucha. Yakarudi juu, yakashuka tena. Na hapo, kabla hajafungua mdomo, nilijua. Mikono yangu ikakumbuka kile ambacho kichwa hakikukiona. Nilimpenda Déo, wanangu, nilimpenda vibaya sana, na niliona wazi kwamba nimemkatakata pamoja na kitunguu.

Mzee Kalenga akasafisha koo.

"Baba," akamwambia baba yangu kwa upole wa kutisha, "hii kuku, wakati ilikuwaka inatembea, ilikuwa na firigisi?"

Baba akanitazama. Mama akanitazama. Kofia juu ya ua ikasimama.

"Ilikuwa nayo," akajibu baba.

"Sasa iko wapi?"

Nakiri kwamba nilimfikiria paka. Tulikuwa na paka, tena mnene, angesadikika kabisa. Alikuwa amelala pale pale kwenye ngazi, hana habari kwamba heshima yangu inamtazama. Lakini sikuweza kumsingizia mnyama siku kama ile.

"Baba, iko mu supu," nikasema.

"Mu supu ya nani?"

"Ya bote, baba. Nilikata kidogo-kidogo, ikangia mu kitunguu. Kila muntu iko nayo mu bakuli yake."

Mzee Kalenga akaangalia bakuli lake. Akaangalia la baba. Polepole, kama mtu anayegeuza jahazi la mizigo kichwani mwake, akafika kwenye maana kamili ya maneno yangu, akageuka kuelekea mkeka wa wanawake.

Mama Kilufya alikuwa ameshika tonge la bukari hewani, limelowa, supu inamtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Bakuli lake ndilo lililokuwa limebaki na supu kidogo kuliko yote barazani.

"Mama Déo, muache kwanza," akasema Mzee Kalenga. "Ile ni firigisi."

Mama Kilufya akalitazama tonge. Akalitia mdomoni. Akatafuna bila haraka, sisi sote tukimtazama taya, akameza. Kisha akasema maneno yake ya kwanza ya siku ile.

"Kumbe njo hivi inakuwaka."

Akachovya tonge jingine.

"Miaka makumi tatu na mbili," akaendelea, akizungumza na bakuli kuliko na sisi, "nilipikia marehemu firigisi. Alikufa, napikia weye, shemeji. Napasula, naosha, natia chumvi, naweka ku sahani, nafunika. Sijaonjaka hata siku moja. Baliniambiaka itanifunga tumbo. Leo nimeikula, na tumbo inaomba ingine."

Shangazi mmoja akaficha uso ndani ya kitambaa. Sikujua kama analia au anacheka.

Mama Kilufya akaninyooshea kidole kilichojaa supu. "Ile mutoto alikamata kuku moja, kila muntu hapa alikula ya mukubwa. Mu nyumba yake hakuna mwenye atalala njaa. Mi namukamata. Kama weye haumutake, shemeji, rudia ku Mwadingusha. Mi nabakia hapa, nikule."

Sasa Mzee Kalenga alikuwa taabani. Nilimhurumia hata katika hofu yangu. Mila ilikuwa imevunjwa mbele yake na haikuwepo sheria ya kesi kama hii, kwa sababu hakuna mwizi aliyewahi kuiba firigisi na kuigawia umati. Akakuna kichwa. Akatafuta njia ya kutokea.

"Bon," akasema mwishowe. "Mila inaomba nyumba ilete kuku ya pili, iko na firigisi yake."

"Iko," akajibu baba yangu, uso wa mazishi. "Ilienda Kambove asubuhi. Na treni."

Sijui nani aliyeanza. Nadhani ni mama yangu, aliyekuwa hajacheka tangu asubuhi, na kicheko chake kilitoka kama kifuniko cha sufuria kinavyoruka. Baada ya hapo shangazi wote wawili wakalala juu ya mkeka. Baba akalazimishwa kusimulia suruali, reli, behewa na abiria wake. Mzee Kalenga alijitahidi kukaza uso kwa ajili ya ukoo, akashindwa, akapiga meza kwa kofi, akacheka mpaka akavua koti. Na alipokuwa anajifuta macho kwa mkono mmoja, mkono wa pili ulichovya bukari kwenye supu. Akaonja. Akaacha kucheka. Akachovya tena.

Alikula mabakuli matatu. Kuku kamili wa kwenye sahani alimgawia kila mtu, paja huku, bawa kule, jambo ambalo ukoo wake haukuwahi kuliona. Juu ya ua, Déo alisikia kelele akadhani tunapigana. Akaruka ua, akaangukia kwenye matuta ya viazi vya mama yangu, akasimama uso kwa uso na mama mkwe wake, kofia mkononi, udongo masikioni. Ilikuwa mila ya pili kuvunjwa siku ile, lakini kufikia hapo hakuna aliyekuwa anahesabu. Nilimwona pale amesimama katikati ya viazi, nikajua kwamba ni wangu, na furaha niliyoipata sitaiandika kwa sababu nina wajukuu.

Wakati wa kuaga, Mzee Kalenga alinishika bega.

"Siku utakuya kwetu, utanipikia tena ile supu ya firigisi," akaniambia. "Supu. Ya kuweka ku sahani nimeishakula ya kutosha."

Jumatatu nilimsimulia Mama Adolphine kila kitu, mlango wa foyer umefungwa, nikisubiri mwiko unishukie. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Na chumvi?" akauliza. "Ilitosha?"

Nikasema ilitosha. Akauchomoa mwiko kiunoni, akanipa mimi niendeshe darasa la siku ile, naye akaenda kukaa nyuma ya nyumba ambako tulimsikia akicheka peke yake mpaka saa nne. Mwiko ule ninao bado. Nadège ameshauomba mara mbili, namwambia asubiri zamu.

Watu huniuliza nini kilinifundisha zaidi katika kazi hii. Wanatarajia niseme vitamini. Mimi hukumbuka siku nilipokwenda Mwadingusha kama mke, miezi michache baada ya harusi. Mzee Kalenga alileta kuku mwenyewe, jogoo mzuri mwekundu, akamkabidhi kwetu jikoni na kutukumbusha: supu. Alipotoka, Mama Kilufya akafunga mlango na kusukuma gunia la makaa nyuma yake.

Akampasua jogoo, akatoa firigisi. Akaiosha kwa mkono wa miaka yake yote ile, akaitia chumvi, lakini kisu changu kilipokuja, akakisukuma kando. Aliiweka nzima juu ya makaa. Tulichuchumaa tukiitazama inavyobadilika rangi, mama mkwe na mkazamwana, bega kwa bega.

"Mama, na supu?" nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Supu iko na shingo," akajibu. "Iko na maini. Haitajua."

Akaikata mara mbili, nusu yake, nusu yangu. Ilikuwa ngumu, ya moto, tamu ajabu, na tulitafuna kwa muda mrefu tukitazamana, machozi yakitutoka, naye akiniziba mdomo kwa kiganja kila nilipotaka kucheka. Supu nikaiunga kama nilivyofundishwa, kitunguu rangi ya mkate, maji baadaye.

Barazani Mzee Kalenga akafunua bakuli. Akakoroga kwa kijiko mpaka chini. Akainua macho, akatutazama sisi wawili mlangoni.

"Firigisi?"

"Iko mu supu, baba," tukajibu kwa pamoja.

Akamega bukari, akachovya, akaonja. Akafumba macho, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

"Eh," akasema. "Naisikia kabisa."